Patasi Zilizovishwa Maua

Thenmozhi alipoingia karakana ya kaka yake alfajiri, bilauri ya kahawa mkononi, alikuta patasi arobaini na moja zimelazwa juu ya kitambaa cheupe. Zimeoshwa, zimepakwa msandali, kila moja ina doa jekundu na ua la asumini. Kahawa ikammwagikia mguuni asihisi moto.

Pale Mamallapuram patasi hupambwa mara moja kwa mwaka, siku ya kuzienzi zana, na siku hiyo ilikuwa bado miezi mitano. Mara nyingine pekee aliyoiona Thenmozhi ni siku baba yao alipobebwa kwenda kuchomwa. Mafundi wenzake walimpambia zile zake, wakamwambia zimepumzika, na wewe pumzika. Kaka yake, Ekambaram, alikuwa amejipambia mwenyewe. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa, na yeye hayupo.

Katikati ya karakana alisimama Ellaiamman, mama wa mpaka, mlinzi wa kijiji cha Puliyankuppam, kimo cha mtu mzima, amekamilika isipokuwa macho, ambayo hufunguliwa mwisho kabisa. Miezi kumi na moja Ekambaram alimchonga. Saa sita mchana watu wa kijiji wangekuja na lori kumchukua. Begani mwa sanamu Thenmozhi aliona punje za mchele, zimetulia kama zimegandishwa kwa gundi. Akagonga bega kwa kifundo cha kidole.

Tup.

Akagonga kiuno. Tup. Goti nalo, tup, kama gunia la mchele lililonyeshewa.

Binti wa mchongaji hahitaji kuelezwa. Jiwe la mungu wa kike hulia kama sinia la shaba, na punje ukizimwaga juu yake ukaligonga, zinacheza. Jiwe lisilolia ni la ngazi na vizingiti. Mungu hakai ndani ya jiwe lisiloitika.

Na huyu ndiye Ekambaram, ambaye watu wanasema aliwahi kuchonga tembo, na kulipokucha mikungu miwili ya ndizi ya jirani haipo, na jirani akaenda kumshtaki tembo. Ekambaram aliyesikia ufa ndani ya jiwe likiwa bado mlimani! Lakini nyundo za miaka arobaini hazipigi jiwe peke yake. Siku hizi ukimuuliza, "Chai au kahawa?" anakujibu, "Jumanne." Ukimwambia masikio yamechoka, anakasirika: "Nasikia! Napuuza tu." Jana usiku, bila shaka, ndipo alipomwaga mchele ili macho yamwambie kile ambacho masikio yalikuwa yanamficha.

Thenmozhi alitaka kupiga ukunga, akaufunga mdomo kwa ncha ya sari. Habari ikitoka kwamba Ekambaram amekwenda kujiua, hata akipatikana mzima, hakuna kijiji kitakachopokea mungu kutoka mikono hiyo tena. Na kumwita kwa sauti kuna faida gani? Asiyesikia ataitikaje? Itabidi amtafute kwa macho.

Tangu utotoni, baba akimchapa, Ekambaram alikuwa anakimbilia mapangoni. Na mapango ndiyo kazi ya Thenmozhi: kila siku anawazungusha wageni humo, nusu siku, mapango asubuhi na karakana za mafundi kabla ya chakula. Wageni wa siku hiyo walikuwa tayari langoni, kofia kichwani: Bwana Haldar, mwalimu mkuu mstaafu wa jiografia kutoka Kolkata, na mkewe.

"Umechelewa dakika nne, binti," alisema Bwana Haldar, akichomoa karatasi mfukoni. "Nimeandika mapango yote. Kila moja linapata tiki. Sipendi ubabaishaji."

"Twendeni, bwana. Twendeni upesi."

Kwenye Pango la Nguruwe alitoa maelezo ambayo tangu wafalme wa kale wayachonge mapango hayo hayajawahi kuwa mafupi namna ile. "Huyu ni mungu, amekuwa nguruwe. Huyu ni dunia, ilizama, kaitoa majini. Basi."

"Basi?" Bwana Haldar alishika kiuno. "Nguruwe huyu amesimama hapa miaka elfu na mia tatu kaikalisha dunia kwenye goti, na wewe humpi hata dakika tano?"

Thenmozhi alikuwa anachungulia nyuma ya nguzo.

"Unatafuta nini huko?"

"Popo, bwana. Nahesabu popo."

"Wangapi?"

"Hawapo," alisema, na sauti ikamkatika kwa namna iliyomfanya Bi Haldar aache kujipepea.

Waliingia la pili, la tatu, la nne. Kila pango Thenmozhi anatangulia mbio, anapapasa gizani kwenye vyumba vya miungu, anatoka mikono mitupu. Jua la mwezi wa Chithirai lilikuwa limeshaanza kazi. Siku kama hizo watu wa pale wanasema kunguru hutaga mayai yaliyochemka. Walipanda hadi pango lililo juu ya mwamba, karibu na mnara wa taa, ambamo mungu wa kike Durga, juu ya simba, anamkabili jini mwenye kichwa cha nyati. Wageni wakiwa ndani, Thenmozhi alikwenda ukingoni, akalala kifudifudi na kutazama chini.

Mbuzi wawili. Kishada kilichochanika. Na kiatu cha mwanaume, kimoja.

Alikodoa macho mpaka yakatoa machozi, ndipo akaona kwamba ni kandambili ya mkanda wa buluu. Ekambaram huvaa makatambuga ya mpira wa gari. Alibaki amelala pale, paji la uso juu ya mwamba wa moto, anamshukuru mungu kwa kandambili ya mtu.

"Umepoteza mtu," alisema Bi Haldar nyuma yake.

"Nimepoteza funguo, mama."

"Funguo haziitwi kaka. Nimekusikia unanong'ona huko ndani. Niambie, mwanangu."

"Ukiniuliza tena nitalia, mama, na nikilia sitatembea."

Bi Haldar hakuuliza tena. Alimgeukia mumewe. "Baba Khoka, toka! Umeshamwona simba. Na wewe ulivyokonda, shukuru yeye hajakuona."

Waliteremka hadi mtaa wa wachongaji. Huko nyundo hazilali, tik-tik-tik kutoka kila kibanda, vumbi jeupe mpaka kope za mbwa. Mdundo wa nyundo ya Ekambaram ulikuwa mapigo mawili na kituo, mawili na kituo. Thenmozhi alisikiliza mtaa mzima hakuusikia. Aliingia kwa Muniratnam, mchonga vinyago vya jiwe laini, mtu aliyenuniana na Ekambaram kwa miaka ishirini. Bwana Haldar akaanza kuwakagua Ganesha wadogo, mungu mwenye kichwa cha tembo, anapima mikonga kwa vidole.

"Huyu mkonga wake umepinda."

"Na wako umenyooka, bwana?" alijibu Muniratnam bila kuinua kichwa. Kisha akamwona Thenmozhi. "Afadhali umekuja, dada. Kaka yako ameanza wazimu? Kaja hapa kabla ya jogoo, kavaa nguo nyeupe, kaoga, kapaka majivu. Kainama kanishika miguu! Ati nimsamehe kwa ile nyundo iliyopotea mwaka wa mafuriko."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nyundo niliiba mimi! Nikamwambia, nikapiga kelele mpaka mbwa wakaamka: Ekambaram, mwizi ni mimi! Yeye anatabasamu tu, anaitikia kwa kichwa kama vile nimemwambia habari za mvua. Akaniacha nimeshika mdomo." Muniratnam aliweka patasi chini. Uso wa Thenmozhi ulikuwa umemtisha. "Dada, kuna nini?"

"Alielekea wapi?"

"Huko nyuma ya kilima. Kwenye bwawa."

Thenmozhi hakuaga. Alikimbia na sari ameikusanya magotini, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na nyuma yake mwalimu mstaafu na mkewe wanahema kama mivukuto ya mhunzi. Bwawa lilikuwa la kijani, limetulia, maganda ya nazi yanaelea. Mwanamke mmoja anafua.

"Umemwona mwanaume, kavaa nyeupe?"

"Hapa? Sikuona mtu. Lakini nami nimefika sasa hivi."

Ilikuwa imekaribia saa tano. Thenmozhi aliingia majini na viatu vyake, mpaka magotini, mpaka kiunoni, anapapasa tope kwa nyayo. Kila alichokikanyaga kilikuwa mkono wa kaka yake, kilikuwa bega lake, kisha kikawa mzizi au chupa. Alisikia mtu anapiga kite, akageuka kutazama ni nani, akakuta ni yeye.

"Binti," Bwana Haldar aliita kutoka ukingoni, ameduwaa. "Hili halimo kwenye ratiba."

"Nyamaza, baba Khoka!"

"Nanyamaza. Lakini pango lile pale kwenye miiba mbona hatujaliwekea tiki?"

"Halina kitu lile!" Thenmozhi alifoka, na tangu aanze kazi hakuwahi kumfokea mgeni. "Hawakulimaliza! Hata mbuzi wanalidharau! Niache!"

"Nimesema mapango yote," alinung'unika mzee, kwa kuwa wapo watu ambao hata dunia ikizama mara ya pili watataka kwanza orodha ikamilike, na akaingia miibani peke yake. Haukupita muda akatoka, kanzu imechanika, amekasirika kweli.

"Mna watu wasio na adabu mji huu! Kuna bwana mle ndani. Nimemsalimia mara tatu, haitiki!"

Thenmozhi hakukumbuka alivyotoka majini.

Ekambaram alikuwa amekaa mwisho wa pango, mgongo ukutani, kamba ya kukokotea mawe imekunjwa pembeni yake. Alimwona dada yake anatiririka maji, akatazama pembeni.

"Nenda, Thenu. Wageni wanakungoja."

Thenmozhi alimpiga kofi. Kisha akamkumbatia, kisha akampiga la pili. Aliivuta kamba ile akaikalia.

"Nilikuja na nia yangu," alisema Ekambaram, kwa sauti kubwa ya wasiojisikia wenyewe. "Lakini nguzo hazikukatwa, hakuna pa kufungia. Nikakaa kufikiri. Nikaanza kuwakosoa waliochonga. Tazama hapa." Alichukua mkono wa dada yake akaupitisha ukutani, juu ya mshipa mwembamba wa ufa. "Walifika hapa, wakasikia. Wakaacha, wakahamia mwamba mwingine."

Thenmozhi alimgeuza uso ili aone midomo. "Na wewe utahamia jiwe lingine."

"Wao walisikia, Thenu. Mimi miezi kumi na moja namgonga mama wa watu, bubu, na sijui. Hata nyundo siisikii. Sauti yako siikumbuki. Nimrudie nani? Jiwe lipi litakalonijibu?"

Thenmozhi alisimama, kamba kwapani. "Watu wa Puliyankuppam wako njiani. Utaniachia mimi niwaambie?"

Hilo lilimwinua. Mchongaji hamtumi mwanamke kutangaza kasoro ya mkono wake. Alikwenda ametanguliwa na Bwana Haldar, amefuatwa na Bi Haldar, na Thenmozhi ameshika pindo la shati lake, hakuliachia hata kwenye kuvuka barabara.

Lori lilikuwa limefika. Wanaume kumi na ngoma, na mbele yao Bibi Kuppammal, mtumishi wa mungu, mfupi, hana jino, amebeba kifuani chungu kilichovishwa majani ya mwarobaini, kimezibwa kwa nazi. Jiwe la zamani lilipovunjika walilizamisha baharini, na mama wa mpaka tangu hapo anaishi ndani ya chungu kile, anasubiri mwili.

Ekambaram hakusema kwa kirefu. Alimwaga mchele begani mwa sanamu, akagonga. Punje hazikucheza. "Sikusikia," alisema. "Nimekuwa kiziwi, nikawaficha. Kosa ni langu."

Ngoma zilinyamaza. Kijana mmoja akatukana. Mwenyekiti wao alikaa chini pale pale vumbini, akashika kichwa: harusi zote za kijiji zilikuwa zinangoja siku ya kumsimika. Hakuna aliyemgusa Ekambaram, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi yake ya mwisho. Thenmozhi aliuona, akajua kwamba lori likiondoka, kaka yake naye ataondoka.

Alijitupa miguuni pa Bibi Kuppammal.

"Bibi, kiache chungu hapa."

"Una kichaa? Mama wa mpaka alale ugenini?"

"Kiache, bibi. Nakuomba. Mpaka jiwe jipya liishe."

"Mwaka mzima? Mpaka wetu ulindwe na nani, na mbwa?"

"Bibi," alinong'ona Thenmozhi, "mtazame alivyooga."

Mahali palipo na chungu cha mungu hapafi mtu kwa mkono wake mwenyewe. Akifa, mungu huhama, na kijiji kizima kinabaki wazi. Ekambaram alilijua hilo kabla ya kujua kutembea. Bibi Kuppammal alimtazama: nguo nyeupe, majivu ya paji, nywele zilizochanwa kama za bwana harusi. Alitazama na patasi zile, na maua yake yaliyoanza kunyauka. Akamgeukia mwenyekiti.

"Nyie rudini na lori lenu," alisema bibi. "Mama amechoka na safari. Na mimi nimechoka. Tunakaa hapa."

"Bibi, mpaka lini?"

"Mpaka nikusahau sura yako! Nendeni!"

Akakitua chungu sakafuni, katikati ya vumbi la mawe, kati ya Ekambaram na mlango.

Ekambaram alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji. Alimtazama dada yake, na machoni mwake hakukuwa na shukrani hata chembe. "Mmenifunga," alisema. "Thenu, umenifunga."

"Nimekufunga, kaka."

Thenmozhi hakujua kama kaka yake alisoma midomo yake. Ekambaram alisimama muda mrefu, mikono inaning'inia, lori likinguruma na kutokomea bila yeye kulisikia. Vumbi lililoinuliwa na magurudumu liliingia mlangoni, likaanza kutua juu ya majani ya mwarobaini. Alilitazama likitua. Mwishowe, kwa hasira, akachukua ufagio.

Bibi Kuppammal alinyoosha miguu, akadai chai. Thenmozhi hakwenda kuipika. Aliyekwenda ni Bi Haldar, ambaye hajui hata jiko liko wapi, kwa sababu Thenmozhi alikuwa amekaa kizingitini, sari imemkaukia mwilini kwa tope, anatazama ufagio unavyokwenda na kurudi, na kila ulipokawia kurudi, alikuwa anainuka nusu.