Vikombe Visivyopoa vya Sinema Firyal

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, baada ya sala ya alasiri, Wisal alikuwa kwenye sebule ya Sinema Firyal akipangusa vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, kaka yake Atef alipoingia na tochi yake. Atef alikuwa amekufa tangu mwaka 1988. Alivaa koti lake jekundu la kazi, lililokosa kifungo kimoja ambacho Wisal aliahidi kukishona na hakukishona. Alitoa salamu, akapangusa viatu mlangoni kwa sababu mafundi walikuwa wamemwaga chokaa, akaketi.

Wisal alimmiminia kahawa. Kila aingiaye humo hupewa kahawa. Ndivyo kamati ilivyoamua tangu ilipoanza kulifufua jengo lile liwe kituo cha utamaduni cha mji, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba wafu wasipewe. Atef alipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakipeleka hadi kwenye meza ya Mwalimu Munther, mwenyekiti wa kamati, akakiweka mbele yake bila kukionja. Kisha akarudi kukaa.

Watu sita walikuwapo na wote walielewa. Mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, ana ombi, na yule aliyewekewa humwambia: kunywa kahawa yako, ulilolijia umelipata. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Mwalimu Munther alikitazama kikombe, akavua miwani, akaivaa tena.

"Wisal, leo iliki umeipunguza?"

"Sijaipunguza, mwalimu."

"Basi kesho ongeza."

Wisal alianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Haki isemwe, alikuwa akimshuku kwa miaka mingi. Vuli ya 1987, majuma machache kabla ya intifada, maasi dhidi ya jeshi lililoikalia nchi, kuanza na sinema zote kufungwa, askari waliingia Firyal katikati ya filamu, wakaenda moja kwa moja safu ya saba, wakawatoa vijana wanne. Walifanya hivyo gizani, bila kuuliza jina la mtu. Kuna aliyewapa namba za viti. Mji ulitafuta wa kumlaumu ukamwona Atef, mwenye tochi, kwa kuwa ndiye aliyewaonyesha watu pa kukaa. Miezi michache baadaye Atef alikutwa ameuawa kwenye shamba la mizeituni, na hakuna aliyekwenda kunywa kahawa chungu ya msiba wake. Toka siku hiyo hakuna aliyekwenda kunywa chochote nyumbani kwao. Wala hakuna aliyejisumbua kukumbuka kwamba namba za viti, kabla ya kumulikwa kwa tochi, ziliandikwa kwenye dirisha la tiketi, na dirishani alikaa kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, ambaye leo ni Mwalimu Munther.

Kazi ya kahawa Wisal aliipata kwa bahati. Lamis, msanifu wa jengo, alitoka Ramallah na hakujua habari za familia ile. Alipokuja kuambiwa, alikuwa ameshaizoea kahawa yenyewe. Kamati nayo iliinywa. Kahawa ya sinema ni ya kamati, walisema. Ya nyumbani kwa Wisal ni ya Wisal. Mkono uliomimina ulikuwa mmoja, lakini mtu akiamua kujidanganya hakosi njia.

Nyumbani alikuwako mama yao, kitandani, amepita miaka tisini. Kila jioni bibi huyo aliuliza swali moja: nikifa, nani atakaa kwenye msiba wangu? Wisal alimjibu kwamba watakuja wengi, kisha akaenda jikoni kuuma leso. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe. Alitaka siku hiyo ikifika, majirani waje, waketi, wanywe kahawa.

Atef alikuja kila siku isipokuwa Ijumaa. Kila siku aliweka kikombe mbele ya Munther, na vikombe havikupoa. Cha Jumatatu kilikuwa bado kikifuka moshi Alhamisi. Kamati ilijadili jambo hilo kwa kirefu. Ilibadilisha iliki, ikabadilisha vikombe, ikaagiza buni kutoka duka jingine. Abu Salman, seremala wa viti, alitaka kujua nani yuko nyuma ya marehemu, maana katika mji ule hata mfu haaminiki kwamba amekuja kwa hiari yake.

"Kwa nini aje sasa, tunapokaribia kufungua?" aliuliza. "Mnaniambia hakutumwa?"

Munther alihamishia meza yake ghorofani, kwenye chumba cha mashine ya filamu. Atef alipanda ngazi na kikombe mkononi, wala hakumwaga tone. Vikombe vilipofika thelathini, Lamis alimwomba Abu Salman avitengenezee rafu sebuleni, na wapaka rangi wakawa wanakwenda kupasha vidole moto hapo kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza.

Jumatano moja Wisal alipanda na kitambaa chake, akapangusa meza isiyo na vumbi.

"Mwalimu, unamwambia lini anywe?"

Munther alikuwa akiandika mialiko, kila herufi imekaa mahali pake.

"Nilikuwa na miaka ishirini, Wisal."

Wisal alikikunja kitambaa chake.

"Atef naye alikuwa nayo," alisema. "Mpaka leo anayo."

Sinema ilifunguliwa katikati ya Januari. Mitambo ya kupasha joto haikuwahi kufika, lakini vikombe vilikuwa vimepita themanini, na ukumbi ukapata joto la kutosha. Mji wote ulikuja. Kati ya wale vijana wanne, wawili walio hai walikuja na wajukuu wao, wakaketi safu ya saba. Vijana walicheza ngoma ya dabke jukwaani, Lamis akashukuru mafundi, kisha Munther akapanda kuhutubia, na Atef akamfuata na kikombe, akakiweka kwenye meza ya kipaza sauti.

Munther hakuwa na pa kukimbilia.

"Kunywa kahawa yako, Atef," alisema. "Ulilolijia umelipata."

Wisal, mlangoni, aliweka sinia lake chini. Neno lile likishasemwa mbele ya watu halirudi.

"Waambie nani aliandika namba," Atef alisema.

Munther alikohoa. Akatangaza kwamba kamati, kwa kutambua utumishi wa marehemu, itaweka kibao cha shaba chenye jina lake kwenye kiti cha kwanza karibu na mlango. Watu walipiga makofi, na wale wawili wa safu ya saba nao wakapiga, polepole, bila kutazamana. Atef alikiacha kikombe pale pale, akawasha tochi, akaenda kuwaonyesha viti waliochelewa. Kibao kilipigiliwa juma lililofuata. Kilikuwa kizuri.

Mama yao alikufa Jumapili moja ya Februari. Wisal alikaanga buni, akachemsha kahawa chungu ya siku tatu, akapanga tende kwenye sahani. Sinema iliazimisha viti kwa wafiwa wote wa mji, kwa hiyo Munther alimletea arobaini vya plastiki kwa gari dogo la mizigo, ishirini vya wanawake ndani, ishirini vya wanaume chini ya turubai uani. Vilikuja na barua ya rambirambi yenye mwandiko mzuri, iliyoomba pia virudishwe kabla ya filamu ya Alhamisi. Lamis alipiga simu kutoka Ramallah akilia. Barabara imefungwa, alisema, na huenda ilifungwa kweli.

Siku zote tatu Atef alisimama langoni na tochi yake, tayari kuwaonyesha wageni pa kukaa. Watu walipita barabarani, wakapunguza mwendo, wengine wakamsalimia kwa jina kwa kuwa walikuwa wameshamzoea.

Alhamisi asubuhi Wisal alilowesha kitambaa ili avifute viti kabla ya kuvirudisha, kama inavyopasa kwa kitu cha kuazima. Alivitazama, vyote safi kama vilivyoletwa, akakikamua kitambaa, akakianika.

Jioni hiyo ukumbi ulijaa kupita kiasi. Viti vile arobaini vikapangwa kwenye njia, na Atef akawamulikia watu, mmoja mmoja. Waliketi, wakapokea vikombe mkononi mwa Wisal, wakanywa.