Kibaba cha Unga wa Mfalme

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla hakujapambazuka, Mama Digidigi alikuwa akikwangua debe la unga kwa kijiko. Haukutoka hata unga wa kukorogea uji wa binti yake, Tunu. Akafunga kauri zake kumi na tano kwenye pindo la khanga, akambeba mtoto mgongoni, akaenda sokoni.

Ufalme wa Ziwa Tope ulikuwa na utaratibu mzuri ajabu. Kila asubuhi mpiga mbiu alitangaza bei ya unga: kauri kumi na tano kwa kibaba, nchi nzima. Bei hiyo ilitoka kwenye kibanda kimoja tu, kile cha mlangoni pa ikulu, ambacho mteja wake alikuwa mmoja tu, naye ni mpishi wa Mfalme Kiboko.

Kwa Fisi, kibaba kilikuwa ishirini. Kwa Nyegere, thelathini na mbili.

"Si unga wa kinu kilekile?"

"Uleule, dada. Ila Fisi aliununua juzi, mimi jana. Na wa kesho sijui nitaupata kwa ngapi, kwa hiyo nakutoza bei ya kesho kabisa leo."

Vibanda vingine vitano vilikuwa juu zaidi. Akarudi mbio kwa Fisi, labda wangeelewana. Akakuta ishirini na nane.

"Ulichelewa wapi, shemeji?"

Basi akaenda barazani kwa Mfalme kushtaki.

"Bei zinatofautiana?" Waziri Heroe alicheka, mguu mmoja juu. "Huo ndio uhuru, mama! Zamani mlikuwa na bei moja tu, maskini. Leo unachagua."

"Nachagua kwa miguu, mheshimiwa. Vibanda saba, na mtoto hajala."

"Mazoezi ni afya." Baraza likapiga makofi.

Mfalme akakunja uso. "Bei ni kumi na tano. Nakwenda kununua mwenyewe, uone aibu."

Wakaandamana, ngoma mbele. Fisi akampimia Mfalme kibaba cha kufurika, akapokea kauri kumi na tano na kushukuru mara tatu.

"Umeona?" akanguruma Mfalme.

Mama Digidigi akafungua pindo lake. "Na mimi basi, shemeji."

Fisi akanong'ona, ila soko zima lilisikia. "Sasa ni thelathini na tano. Hasara ya Mfalme lazima nimtoze mtu."

Mfalme alisimama pale na unga wake mikononi, asijue hata unashikwaje. Tunu akachomoza kichwa mgongoni kwa mama yake, akamtazama Mfalme.

"Basi Mfalme atununulie sisi sote," akasema.