Injini ya Maboksi

Grenda ya kukatia chuma ilikuwa imeshachomekwa. Waya wake mweusi ulitoka dirishani mwa jikoni, ukakatiza ua mzima, ukaishia chini ya lile gari kongwe la mama, na kila Milimita alipoutazama alirudi kwenye daftari lake la vipimo.

Walimpa jina hilo siku alipopima mlango wa chumba cha wageni mara saba kabla ya kuingiza kitanda, kitanda chenyewe kilikuwa kimetoka humo humo juzi yake. Alikuwa fundi wa magari, hodari, na alijua kwamba ni hodari, jambo lililowachosha wengine. Ila asubuhi hii ya Jumamosi uhodari ulikuwa umemkimbia.

Gari lilikuwa la kupanda milima, bodi ya mraba, bati nene, lilizaliwa kabla yake. Mama alikuwa mkunga. Kwa gari hilo alivuka vijito viwili na kupanda kilima kufuata wajawazito wa huko ambako gari la zahanati halikubali kwenda. Lakini injini ya petroli ilikuwa imechoka. Mwezi uliopita ilizimika katikati ya kilima, mama akabeba mkoba wake kwa miguu, akafika mtoto ameshazaliwa, yuko mikononi mwa bibi yake, kitovu kimefungwa kwa uzi wa kushonea. Mtoto alipona. Mama aliporudi hakula.

"Nipe wiki nne za likizo yako," Milimita alimwambia. "Nakuwekea dizeli. Utapanda kilima hicho ukiimba."

Wiki nne zilikuwa zinaisha keshokutwa.

Dizeli ilikuwa imelala chini ya turubai, pamoja na giaboksi yake na kile kisanduku kinachogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ya zamani ilikuwa imeng'olewa, imeketi kwenye tairi bovu kando ya ukuta. Kwa kuwa dizeli haibebeki kama kikapu, kuiingiza na kuitoa kwa kujaribisha, Milimita alikuwa ameunda injini nyingine ya maboksi na gundi: urefu ule ule, upana ule ule, na kitambi cha chini kinachobeba oili kikiwa kimetokeza mbele vile vile. Akaining'iniza mahali pake kwa vipande vya mbao. Akapima hadi rejeta: sentimita nne. Hadi nguzo ya usukani: tatu. Kutoka kitambi hadi difu ya mbele, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli: tisa.

Tisa hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Ilikuwa tamu mno. Hakuna kitu ndani ya gari lile kilichowahi kumpa sentimita tisa za bure.

Sasa ilibaki kukata boriti ya chuma iliyokuwa ikibeba giaboksi ya zamani, ili mpya ipate pa kulala. Ikishakatwa, injini ya zamani haina tena pa kurudi.

"Shem!" Mume wa dada yake, mchomeaji vyuma, aliingia uani na barakoa yake ya kuchomelea kichwani kama kofia ya harusi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyejua kusema polepole. Akainama, akachungulia chini ya boneti, akaangua kicheko. "Hii inatumia dizeli au gundi?"

"Inatumia akili. Kwako haitawaka."

"Haya, Milimita wa Milimita. Nikate?"

Milimita alifungua daftari, akalifunga. "Nipe dakika."

"Dakika ulizichukua juzi. Na jana. Shem, mimi nina mageti ya watu. Nikate, nisikate?"

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Alisimama mbele ya gari lake, kichwa ameinamisha upande, vile anavyomtazama mama mja mzito kabla ya kumgusa.

"Mbona limekuwa refu hivi?"

"Liko juu ya stendi za chuma, mama. Wiki ya tatu sasa. Nahitaji nafasi ya kulala chini."

"Ndiyo maana. Matairi yananing'inia kama miguu ya mtoto kwenye kiti." Akasogea, akaweka kidole kwenye kitambi cha maboksi. "Na hiki ndicho kitakachokuwa na oili?"

"Ndicho."

"Sasa mwanangu, pale kwenye shimo la lango, mbele inapozama hadi kidevu changu kinagonga usukani, hiki kinakwenda wapi?"

Milimita aliinama, akaitazama ekseli.

Alikuwa amepima kila kitu, mara nne nne, gari likiwa juu ya stendi, ekseli imeshuka hadi mwisho wa springi. Alilipima gari lililoning'inia. Gari linalotembea hakuwahi kulipima.

"Mama, usimtie wasiwasi mwenye kazi," mchomeaji alisema akishusha barakoa. Grenda ikaunguruma mara moja, ikanyamaza. "Shem? Neno moja tu."

Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Kata. Angekufa na tai shingoni, kisha labda tisa ingetosha, labda springi zilikuwa ngumu kuliko alivyohofia. Aliitazama boriti. Kutu yake ya zamani, bolti zake nne. Akakiona akilini kijito cha pili, kitambi kimepasuliwa na difu, oili inaelea juu ya maji, na mama amesimama kwenye jabali na mkoba wake huku simu haishiki mtandao.

"Weka grenda chini," alisema. "Nimekosea. Lete jeki."

Walilishusha gari upande mmoja kisha wa pili, stendi zikatoka, matairi yakagusa ardhi. Milimita akalala chali na rula. Tisa ilikuwa imekuwa mbili na nusu, na uzito wa injini bado haujawekwa.

"Shem, panda mbele. Simama juu ya bampa."

"Unanipima na mimi?"

"Panda, uruke."

Mchomeaji akapanda, akaruka. Ekseli ikainuka, difu ikaingia ndani ya maboksi, na mlio wa kadibodi ikipondeka ukasikika hadi kwa jirani.

Mchomeaji alishuka taratibu, akaenda dirishani, akachomoa waya mwenyewe.

"Kwa hiyo hiyo dizeli itaingia au haitaingia?" mama aliuliza.

Maisha yake yote Milimita alikuwa na namba ya kujibu. "Sijui, mama. Labda nikiirudisha nyuma. Lakini nikiirudisha nyuma, mkono wa gia unatokea chini ya kiti chako, na propela zote mbili, vile vyuma virefu vinavyozungusha ekseli, hazitakuwa tena na urefu wake. Sijui."

Mama alijifunga kanga yake upya. "Jumatatu natoka saa kumi na mbili asubuhi."

"Boriti bado ipo. Ile injini ya zamani inarudi leo."

"Na kilima?"

Milimita aliinama kuokota maboksi yaliyopondeka. Mama akatikisa kichwa, akarudi ndani kutafuta viatu vyake vya kutembelea.

Jumatatu moshi wa buluu ulijaa uani kabla jua halijapanda vizuri. Milimita alikuwa amechuchumaa kando ya shimo la lango, daftari gotini. Gari likazama, likagonga, likainuka.

"Mama! Rudi nyuma kidogo, upite tena!"

"Mwanangu, kuna mtu uchungu umemshika!"

"Mara moja tu!"

Akarudi nyuma, akapita tena. Milimita, shavu likigusa vumbi, aliiona difu ikipanda hadi mwisho wake. Gari likaondoka. Alibaki palepale akisikiliza injini ikikohoa kuelekea kijito cha kwanza, penseli mkononi, hajaandika kitu bado, akingoja kusikia kama itabadili gia bila kuzimika.