Theluji Kwenye Picha ya Kaka

Picha ile ilikuwa ya kutupwa. Mama Picha alikwishaiweka kando pamoja na zilizoharibika, juu ya bwana harusi aliyefumba macho na mtoto aliyegeuza kisogo, ndipo wifi yake alipoingia studio na macho mekundu ya msiba akaiona mezani.

Pichani alikuwemo kaka yake Mama Picha, mume wa wifi, amesimama mlangoni anacheka huku theluji inaanguka. Mama Picha alimpiga picha kwa flashi ya kamera, na wiki ileile moyo wa kaka mtu ukasimama ghafla. Maduara meupe yalimzunguka kichwani, na moja kubwa kama sahani limemkalia begani.

"Wifi," mjane aliuliza, ameishika picha kwa mikono miwili, "hawa ni nani?"

Mama Picha alijua fika. Flashi ikiwaka kwenye theluji inayoanguka, chembe zinazopita karibu na kamera hupata mwanga kumshinda hata mtu aliyesimama kule mbele, zikatoka nono, nyeupe, za mviringo. Ni aibu ya kila mpigapicha mwenye haraka. Alifungua kinywa aseme. Lakini mwenzake alikwishaanza kulia, tena kilio cha kushukuru.

"Malaika walikuja kumpokea, wifi. Hakuondoka peke yake."

"Mungu anajua," Mama Picha akajibu.

Si uongo. Ndivyo alivyojipoza njia nzima ya kurudi nyumbani. Mungu si anajua kweli?

Picha ikakuzwa, ikatiwa fremu. Kwenye sala za jioni watu waliipokezana kama kitoto kichanga. Kamera ya Mama Picha ikaitwa kamera yenye baraka, na yeye, aliyezoea kukaa karibu na mlango akipigwa na baridi, akawa anasogezewa kiti cha mbele. Na kiti kile, Mungu amsamehe, alikipenda. Hapo ndipo palipomchoma. Kwa kunyamaza kwake kwa huruma angeweza kujitetea mbele ya Muumba wake. Kiti angekitetea kwa lipi?

Hali ikawa hiyo mpaka alasiri moja ya mawingu mazito, wifi alipokuja ameongozana na fundi cherehani wa ghorofa ya juu. Fundi alikuwa na uvimbe tumboni, na kesho yake asubuhi alitakiwa hospitali kupasuliwa.

"Mama Picha, toka na hiyo kamera yako," alisema fundi, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Theluji ndiyo hiyo inashuka. Nipige nijue moja. Wakitokea wale weupe, basi wamekuja kunichukua, siendi kokote. Ya nini kushonwa na watu wasiojua hata kukunja pindo? Nife kitandani kwangu."

"Dada, usiseme hivyo," alisema Mama Picha.

"Na wasipotokea, naenda. Nikirudi nakumalizia lile gauni lako, uache kutembea na pini kama mto wa sindano."

Wifi akamgusa Mama Picha mkono. "Mpige tu, wifi. Moyo wake utulie."

Wakatoka uani. Fundi akasimama karibu na ukuta, kidevu juu, mkono tumboni. Theluji ilikuwa inaanguka pole pole, chembe nene, na mwanga wa siku umeshafifia. Mama Picha aliangalia angani akaona wazi kitakachotokea: flashi ikiwaka, maduara yatajaa tele, na mtu huyu atapanda ngazi kwenda kujilaza akingoja kifo kisichokuwa na haraka naye.

Akaizima flashi kwa kidole gumba, kimyakimya, akapiga.

Picha ilitoka na giza, lakini safi. Fundi aliichungulia kwenye kioo cha kamera akapiga ukelele. "Hakuna mtu! Nipo peke yangu, mbaya vilevile! Nashonwa!"

"Ngoja kwanza," alisema wifi. "Mbona flashi haikuwaka? Mume wangu aliingia ndani akifikicha macho kwa ule mwanga. Mpige sawasawa, wifi. Hili si jambo la kupunja."

Tabasamu la fundi likazimika. Alimtazama Mama Picha usoni, akamtazama tena. "Kumbe unanionea huruma," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeshaona kitu kwangu, unanificha."

Mama Picha alirudisha kidole gumba kwenye kamera. Akaiwasha flashi. Akageuka, akaielekeza kamera kwenye pipa la taka lililokuwa pembeni ya ngazi, akapiga. Uani kote kukamulikwa.

"Njooni muone."

Pipa lilikuwa limezungukwa na maduara meupe kila upande. Moja kubwa, la kung'aa, limetua juu ya kifuniko.

"Haya," alisema fundi, "na pipa nalo linaitwa mbinguni?"

"Ni theluji, dada. Iliyopita karibu na kamera. Flashi huitoa hivyo siku zote." Hakuthubutu kumtazama wifi. "Hata ile."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta, akiomba tumbo lake radhi. Wifi hakucheka.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile, mezani."

"Na kwenye sala, nilipokuwa nawasimulia watu?"

"Nilikuwepo."

"Kiti cha mbele."

"Kiti cha mbele, wifi."

Wifi alijifunga skafu yake vizuri akaondoka bila kuaga.

Fundi alipasuliwa salama, akalalamika tu kwamba uzi wao ulikuwa mnene. Kwenye sala Mama Picha alirudi karibu na mlango, akawaeleza watu ukweli kwa kinywa chake, kisha akaenda kwa wifi. Alimkuta amepakata fremu mapajani.

"Hapa alikuwa anacheka nini?" wifi aliuliza bila salamu. "Siku zote nilikuwa nawaangalia wao. Leo ndiyo nimemwangalia yeye."

"Alikuwa ananicheka mimi. Nilitoka na viatu vyake, vinanipwaya. Kimoja kikanasa kwenye theluji, nikaendelea kutembea na soksi."

Mdomo wa wifi ulichezacheza, kisha ukajifunga. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Kiatu gani? Cha kulia au cha kushoto?"

Wifi alikuwa amemkodolea macho kama mwenye kiu. Ilikuwa rahisi mno kusema cha kulia. Nani angemsuta?

"Sikumbuki, wifi," alisema Mama Picha.