Vifaranga wa Beseni la Bluu

Obonyo alikuwa amewaambia watu wote wa ploti yao pale Kitengela kwamba yeye ni mtu wa ziwa, na samaki anawajua. Munyiva, jirani wa mlango wa pili, mama wa Kikamba asiyekula samaki kwa kuogopa miba, alikuwa amelisikia jambo hilo kuliko wote. Kwa hiyo mkewe Adero alipoletewa na mwenzake wa kazini tangi la kioo lenye samaki wawili wa rangi ya dhahabu, ilionekana wazi nani angekuwa msimamizi.

Jumamosi moja asubuhi yule jike akataga. Mayai madogo kama chembe za sago yakanata kwenye majani ndani ya tangi. Obonyo alimwita Adero, akamwita na binti yao Whitney, akatangaza kwamba mtu asiguse kitu, kwa maana samaki hulea wenyewe tangu dunia iumbwe. Kisha akavuta kiti aangalie malezi.

Munyiva alikuwa amekuja kurudisha chujio la chai. Aliinama, akatazama tangi kidogo.

"Baba Whitney," akasema kwa upole, "hao wanakula watoto wao."

Na kweli, baba na mama walikuwa wakipita jani kwa jani kama watu walioalikwa harusini. Kabla Obonyo hajainuka kitini, Munyiva alikuwa ameomba beseni la bluu ambamo Whitney aliogeshwa alipokuwa mchanga, akachota humo maji ya tangi na kuhamisha majani yaliyobaki na mayai. Obonyo alisimama kando ameshika chujio.

Siku ya tatu mayai yakaanguliwa. Vifaranga walikuwa wembamba kama kope za macho, wamenata ukingoni mwa beseni bila kusogea. Obonyo aliwaonea huruma. Aliona wana njaa, akawamegea ugali. Kufikia jioni maji yalikuwa meupe na yakinuka, na vifaranga kadhaa walikuwa wamekufa. Akamwaga sehemu kubwa ya maji yale, akataka kujaza mengine yaliyotoka kwenye boza, lori la kuuza maji, asubuhi hiyo. Munyiva, aliyekuwa akianika nguo, akamzuia. Maji ya boza yana dawa, akamweleza. Yakae kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima. Kwa sasa achote ya tangini. Na vifaranga bado wana chakula chao tumboni, wasilishwe mpaka waanze kuogelea, na hapo wapewe kiini cha yai lililochemshwa, kilichokamuliwa kwa kitambaa, kidogo tu.

Obonyo akakaa kwenye ngazi.

"Wewe umejulia wapi haya yote?"

"Nilifanya kazi miaka minne kwa mtu wa mabwawa ya samaki huko Kimana. Kazi yangu ilikuwa vifaranga."

"Na hukuniambia?"

"Hukuwa umenyamaza," akasema Munyiva, akabana shati kwenye kamba.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilifuata sheria za jirani. Kiini cha yai kilienda kwenye beseni, na Obonyo akala ute wa yai kwa chai wiki mbili nzima bila kunung'unika. Alijikuta akitoka kazini mapema ili ahesabu. Walikuwa arobaini na mmoja.

Katika mwezi wa pili wa malezi hayo, chama cha watu wa kwao kikakutana sebuleni kwake, wanaume saba, wote wa ziwa. Wakalizunguka beseni. Omolo, mwenyekiti wao, akauliza mbona wazazi ni dhahabu na watoto ni wa rangi ya matope. Kuna nini hapo? Wenzake wakacheka. Obonyo angeweza kubuni jibu, na wangemwamini.

"Ngojeni," akasema. "Kuna mtu anajua."

Akaenda kubisha mlango wa pili. Munyiva akaja na kanga yake kiunoni, akawaeleza kwamba watabadilika rangi polepole, wengine baada ya miezi mingi. Wanaume wale wakavuta viti karibu. Ajenda za mkutano zikalala. Kila mmoja aliondoka na vifaranga watatu kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, pamoja na nambari ya simu ya Munyiva.

Jioni hiyo Adero alimkaribisha Munyiva mezani, na alipopakua samaki wa kukaanga, Obonyo aliomba sukuma wiki peke yake. Alisema tumbo linamsumbua kidogo.

Munyiva alimtazama, akajisogezea sahani yake ya samaki, akaanza kuchambua miba taratibu.