Ndoto Isiyotaja Siku

Mama Perlina, mama yake bibi yangu, alikuja mara tatu mwezi ule, na mara zote tatu alisema ana njaa. Hakusema siku.

Hilo ndilo lililotukwamisha. Sisi watu wa Windward, kama kisiwa chote cha Carriacou, hatuwanyimi wafu wetu chakula. Wakija ndotoni kuomba, tunapika. Bibi Ianthe alishaelezwa kila kitu: ugali wa mahindi uliosongwa na mbaazi, wali wa kuviringisha kwa mkono, kuku mweupe asiye na doa, vyote bila chumvi, maana wafu hawali chumvi. Aliambiwa avipeleke kaburini, Petite Martinique. Lakini lini? Hapo Mama Perlina aligeuka na kuondoka, mara zote tatu, akipangusa mikono kwenye aproni kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Petite Martinique iko pale mbele. Ukikaa kibarazani kwetu unaiona yote, mlima mmoja uliotoka majini ukavaa majani, na jua likiwa zuri unaona hata nguo zilizoanikwa. Bibi aliitazama miaka kumi na moja bila kuikanyaga. Mama yake alifia kule, nyumbani kwa Verlin, mdogo wake Bibi. Bibi alituma mashua ikauchukue mwili uje kuzikwa Windward. Mashua ilipofika, Verlin alikuwa ameshazika. Bibi alivuka siku ya pili, akasimama juu ya udongo mbichi, akaapa mbele ya watu kwamba hatarudi mpaka Mama amwite kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu hapo jina la Verlin halikutajwa nyumbani kwetu.

Sasa Mama ameita, na mimi, Jevon, nikapewa kazi ya kupanga safari.

Nilipanga vizuri, na sioni haya kulisema. Mtu mwingine angechukua mashua hapa hapa Windward, na chai yake isingepoa kabla hajafika. Lakini mashua hurusha maji, na maji ya bahari ni chumvi. Tone moja likiingia kwenye chakula, marehemu hakigusi. Kwa hiyo ilibidi feri, yenye chumba cha chini kilichozibwa kwa vioo. Feri inaondokea Hillsborough, upande wa pili. Tungepanda gari, tuvuke kilima, tupande feri, tuzunguke nusu ya kisiwa, tupite mbele ya kibaraza chetu wenyewe, ndipo tufike mahali tulipokuwa tunapaona tangu alfajiri. Safari ya kwenda na kurudi siku moja ilikuwepo Alhamisi na Jumamosi. Nilimwendea Tamba, anayefunga kamba za feri, nikamwomba anishikie viti viwili vya nyuma, katikati, ambako chombo hakiyumbi. Kikapu kingekaa mapajani, siyo sakafuni. Juu yake kitambaa cha nta, mikunjo miwili.

Bi Cosmine, jirani yetu, ambaye watu humletea ndoto zao kama wanavyopeleka redio kwa fundi, aliusikiliza mpango wangu wote akaongeza la kwake.

"Na mtu asilie karibu na kikapu. Machozi nayo ni chumvi."

"Nani kakwambia nitalia?" Bibi aliuliza.

"Sijasema wewe. Nimesema mtu."

Ikabaki siku tu. Basi nyumba yetu ikawa nyumba ya usingizi. Bibi alilala jua linapozama, akalala tena baada ya chai, akalala mchana kwenye kiti cha kibarazani uso ukielekea kule. Tulitembea pekupeku. Jogoo alihamishiwa kwa Bi Cosmine. Mimi kazi yangu ni kuandika majina kwenye mashua, na wiki zile niliacha hata kupiga msasa, kwa sababu Bibi alisema mkwaruzo wake unaingia ndotoni na kuwafukuza watu. Upepo ulivuma polepole, mapazia yakapumua, na kile kisiwa kikaelea pale mbele mpaka nikawa sina hakika kama kimeshikwa na kitu chini. Wakati mwingine Bibi alisema, macho yamefumbwa, "Wamepaka kanisa rangi." Nikatazama ng'ambo, kanisa ni lile lile. Hapo sikujua nani kati yetu ameamka.

Wapita njia waliuliza kwa kunong'ona, "Amesema?"

"Bado."

"Leo nimeona mtu amebeba maboga," Bibi alitoa taarifa asubuhi moja.

"Mangapi?" Bi Cosmine aliuliza.

"Mawili."

"Maboga siyo siku, Ianthe."

"Najua maboga siyo siku. Nakwambia nilichoona."

Jumatatu nilikwenda Hillsborough kumwambia Tamba aendelee kushikilia viti. Alikuwa anakunja kamba.

"Mnasubiri nini nyinyi?" aliniuliza. "Yule bibi yako wa ng'ambo, Verlin, si anaondoka? Binti yake amekuja kutoka Brooklyn kumchukua. Miguu imekataa. Ndege ni Jumapili."

"Anarudi lini?"

Tamba alinitazama. "Watu wa umri ule huwa hawarudi, Jevon."

Njiani nilikuwa na moto kifuani. Wiki tatu za usingizi, na siku zinapita mlangoni moja moja bila mtu kuzishika. Kumtaja Verlin sikuthubutu, hakuna aliyethubutu. Lakini ndoto ningeweza kuileta. Mimi mashairi nimejifunza mwenyewe, bila mwalimu, nyuma ya karatasi za msasa zilizokwisha kazi, na hakuna kijana Windward hii anayenifikia. Kama Mama Perlina hapati maneno, nikajiambia, mimi ninayo ya kumkopesha.

Jumanne asubuhi, Bibi na Bi Cosmine wakinywa kakao, nikatoka chumbani nikiwa nimejifuta usoni kama mtu aliyeona kitu.

"Amekuja kwangu," nikasema.

Vikombe vikatua mezani.

"Alisimama mlangoni. Amevaa nguo ya bluu. Akasema:

*Mwambieni binti yangu, bahari imetulia,*
*Alhamisi njoo kwangu, njaa imenizidia,*
*Kaburini peke yangu, nyota ninahesabia,*
*Ukoko uwe ni wangu, nyama mtagawania.*"

Ule mstari wa ukoko niliupenda mno. Bi Cosmine alishika kifua. Macho yake yalikuwa yameshalowa.

Bibi alikuwa anakoroga kikombe ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

"Rudia," alisema.

Nikarudia, safari hii nikipunga na mkono.

"Amesema yote hayo?"

"Yote."

"Bila kusimama?"

"Kama maji, Bibi."

Akaweka kijiko chini.

"Jevon, mama yangu alikuwa na kigugumizi."

Nikaushusha ule mkono.

"Jina langu tu lilimmaliza pumzi mbili. Shule nilikuwa nachelewa kwa sababu alitaka kuniaga. Huyo uliyetuletea anasema vizuri sana. Ni nani?"

Nilimkumbuka Mama Perlina jinsi nilivyomwona utotoni, mara tatu au nne: mwanamke mrefu, kimya, anayekuwekea mkono kichwani na kuuacha pale. Kile kimya niliamini ni hekima. Kumbe alikuwa anatafuta herufi ya kwanza ya jina langu.

Nimeumbwa vibaya kidogo. Nikikamatwa na kosa, ndipo ninapopandisha sauti.

"Sawa, ni uongo," nikasema. "Nimetunga. Na ningetunga tena. Wewe umelala wiki tatu unangoja siku, na Verlin anaondoka Jumapili."

Bi Cosmine alichukua kikombe chake akakishika kwa mikono miwili.

"Verlin yupi?" Bibi aliuliza.

"Unao wangapi?"

"Usinijibu hivyo. Anakwenda wapi?"

"Brooklyn, Bibi. Miguu imekataa. Binti yake amekuja kumchukua. Hatarudi."

Bibi aligeukia bahari. Nilidhani amelala, maana alikaa hivyo mpaka kivuli cha nguzo kikahama kutoka kwenye mkono wake. Ng'ambo kule mtu alikuwa anaanika mashuka. Meupe, moja baada ya jingine.

"Namba yake mnayo?" aliuliza mwishowe.

Nilikuwa nayo. Tamba alinipa.

"Piga. Weka hapa mezani, tusikie wote. Leo sitaki mtu aniletee maneno ya mtu."

Simu iliita sana kabla haijapokelewa.

"Nani?"

"Ianthe."

"Ianthe wa wapi?"

"Usianze."

"Sijaanza. Miaka kumi na moja, mtu lazima aulize."

"Nasikia miguu imekataa."

"Mmoja. Wa pili unafikiria."

Bibi alivuta pumzi. Vidole vyake vilikuwa vinaufuata ukingo wa meza, kwenda na kurudi.

"Verlin, Mama amekuja kwangu. Mara tatu. Anataka kula, lakini siku hasemi. Kwako amefika?"

Niliinama kuangalia kama simu imekatika.

"Amefika," Verlin alisema.

"Amesemaje?"

"Alikaa kitandani, huku miguuni. Akasema *A*. Akasema *Al*. *Al*. Nikamwambia, Mama, hakuna anayetukimbiza. Akajipiga goti, paa, unajua alivyokuwa. Ndipo likatoka. Alhamisi."

Kiganja cha Bibi kilikuwa kimeshashuka kwenye goti lake mwenyewe, sawia na lile paa.

"Alhamisi," alisema, kwa sauti ndogo.

"Ndivyo alivyosema. Na kuku usimkaushe, Ianthe. Wewe ulikuwa unakausha kuku."

"Wafu hawalalamiki."

"Mimi ndiye nitakayekula wakishamaliza."

Mpaka leo sijui. Kabla ya Jumapili ile feri ilikuwa na safari mbili tu, na mtu yeyote wa Petite Martinique aliyetaka kumwona dada yake mapema angechagua Alhamisi hata akiwa macho kabisa. Nilimsogelea Bi Cosmine, nikamnong'oneza sikioni, "Hiyo ni ndoto kweli?"

"Ina goti," alinijibu. "Ya kwako haikuwa na goti."

Jumatano ilikuwa ya kupika. Nilikuna nazi, nilimshika kuku, nilivunja kuni. Bibi alisonga ugali akiimba kitu cha zamani kisicho na maneno, na kila mara mkono wake ulipoelekea kwenye kopo la chumvi, kwa mazoea, aliurudisha mwenyewe na kucheka. Jioni, tulipokwisha kufunika sinia, aliniuliza:

"Viti ni viwili, ndiyo?"

"Viwili, vya nyuma, katikati."

"Basi kimoja cha Cosmine."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Na mimi?"

"Wewe unabaki."

"Bibi, safari nimeipanga mimi. Kila kitu."

"Umeipanga vizuri. Lakini aliyemsemesha marehemu maneno ambayo si yake habebi chakula chake. Huo si ukali wangu, Jevon. Ndivyo ilivyo."

Nilitoka nje nikaupiga teke ukuta, ukuta ukashinda.

Lakini Alhamisi niliwafikisha gatini. Nilibeba kila kitu isipokuwa kikapu. Bibi alikuwa na kofia ya kanisani na glavu nyeupe, na alipanda ubao wa kuingilia feri akitazama mbele kama mtu anayepita juu ya usingizi wake mwenyewe. Sikumpungia mkono. Feri ilipoondoka, nikadandia gari la kwanza la kuvuka kilima, nikashuka Windward nikikimbia, nikafika kibarazani ikiwa inapita.

Ilipita kimya. Kutoka pale huwezi kusikia mashine wala kuona mtu, unaona tu kitu cheupe kikiteleza juu ya bluu, na bahari siku hiyo ilikuwa laini, kweli ilikuwa imetulia, kama nilivyosema mimi. Nilitazama vile vioo vya chini mpaka macho yakaniuma. Kisha feri ikaingia kwenye kivuli cha ule mlima, ikawa ndogo, ikawa nyumba moja kati ya zile nyumba. Nilikaa kwenye kiti cha Bibi. Nikalala pale, na sikuota chochote.

Alasiri nilirudi Hillsborough. Feri ikafungwa, watu wakashuka na mifuko yao, na wa mwisho akashuka Bi Cosmine, kikapu kitupu mkononi, kofia upande. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Bibi yuko wapi?"

"Amebaki."

"Amebaki vipi? Hii ilikuwa safari ya siku moja."

"Ya kwangu ilikuwa ya siku moja. Yeye anabaki mpaka ndege iondoke. Wamelala kitanda kimoja mchana kutwa, wanasema wanamngoja Mama ashukuru. Wanakoroma wote wawili."

"Walisalimianaje?"

"Hawakusalimiana. Verlin alikuwa kwenye kiti pale gatini. Alimwambia asogee, anamzibia jua. Bibi yako akasogea." Alinipa kikapu nikishike. "Anataka gauni la kulalia, dawa za presha na malapa. Zifike Jumamosi."

"Nimpe Tamba azipeleke?"

"Hapana. Amesema uzilete wewe."

Tamba alikuwa ameegemea nguzo, anatusikiliza bila kuficha. "Nikushikie kiti?" aliniuliza. "Nyuma, katikati?"

"Popote," nikamwambia. "Hata juu, yanakoruka maji ya chumvi."