Pampu Isiyovuja ya Cyril Pargeter

Pale Tipton, mji mdogo wa Uingereza karibu na Birmingham, ukisema pikipiki yako ya zamani haivuji oili, watu watakuuliza kwanza kama oili imo. Ndivyo walivyo. Klabu yao ya pikipiki kuukuu ilishakubali miaka mingi iliyopita kwamba mashine za enzi zile zinavuja kwa sababu zimeumbwa kuvuja, na hata wakajiwekea siku yao. Jumapili ya mwisho ya Machi huziegesha zote ukumbini, kila moja juu ya kadibodi nyeupe, zikalala humo wiki nzima bila kuguswa. Jumapili inayofuata hurudi na chai yao na pai zao, wakainama kusoma madoa, kisha wakaziwasha moja moja wachekane moshi. Asiye na doa hushukiwa.

Sasa wewe fikiria mtu kama Cyril Pargeter katikati ya watu hao. Kwa zaidi ya miaka arobaini alishikilia kwamba pikipiki yake ya silinda moja, ya mwaka 1958, haikuwahi kudondosha hata tone. Akiulizwa imekuwaje, alijibu, "Bahati tu." Mtu akijisifu halafu akakosa sababu, anataka nini kama si kuchekwa? Walimwita mtia chumvi, usoni na kisogoni. Na chumvi hiyo haikuishia kwenye oili, maana alidai pia kuwa mkewe Ivy alimpata kwa sababu ya pampu ya pikipiki hiyo, kwenye geti la kiwanda cha pikipiki kule Birmingham. Ivy mwenyewe, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akisema, "Msimsikilize huyu. Tulikutana kwenye dansi la kanisa." Ikawa basi.

Magoti yalipomshinda, Cyril aliifunika mashine bandani, ikalala miaka thelathini. Sasa alikuwa na miaka themanini na saba, anaishi na binti yake Lorna, na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka taratibu. Asubuhi moja wakila mayai aliweka uma chini.

"Lorna, huenda nilikuwa naongopa."

"Kuhusu nini, baba?"

"Ile pikipiki. Huenda ilikuwa inavuja kama za wenzangu. Na lile la mama yako getini, huenda nalo nililitunga. Watu wote hawawezi kukosea, nikawa sawa mimi peke yangu."

Miaka yote baba yake alichekwa na hakuyumba, leo alikuwa anajitupa mwenyewe kwa hiari yake. Lorna alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye hakuwahi kushika spana, lakini kutojua jambo kulimnyima raha kuliko njaa.

"Basi tutaifungua tuone," alisema.

Akamwita Desmond Tibbetts, katibu wa klabu na mtunza kitabu cha vipuri. Desmond alikuja na kofia yake, kikombe chake mwenyewe, na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni. Tumseme vizuri, moyo alikuwa nao. Alimweleza Lorna kazi ya pampu kwa upole: inavuta oili kutoka tangini na kuipeleka kwenye injini, na injini ikizimwa pampu inatakiwa kuziba njia. Kinachoziba ni sili, pete ndogo ya mpira inayokumbatia shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya pampu. Sili ikilegea, oili hujipenyeza kidogo kidogo mpaka tumbo la injini linajaa, na ukiiwasha inakohoa moshi wa buluu na kutema oili sakafuni.

Alipoifungua pampu, alichokonoa vipande vya sili ya zamani vilivyokauka kama makoko ya ugali, akavitupa pipani.

"Huvipimi kwanza?" Lorna aliuliza.

"Sili ya zamani haipimwi, bibie. Imesinyaa, itakudanganya. Kitabu ndicho hakidanganyi. Nusu inchi, imeandikwa hapa."

Waliagiza sili ya nusu inchi kama kitabu kilivyosema. Siku mbili baada ya kuifunga, oili yote ilikuwa tumboni. Wakafunga ya pili, ikawa yale yale. Ya tatu haikumaliza hata siku moja.

"Ndivyo zilivyo," Desmond alisema, akinywa chai yake kwa raha zote. "Baba yako ni mtu mwema, Lorna. Lakini pampu ni pampu."

Lorna alikuwa amezipanga zile sili tatu juu ya kitambaa cheupe na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia alichokuja nacho kutoka kazini. Zote zilikuwa zimeharibika mahali pale pale, kwenye mdomo wa ndani.

"Desmond, hizi hazikulegea. Zimechanika."

"Kuna tofauti gani?"

"Kubwa tu. Meno ya bandia yakipwaya yanateleza mdomoni. Yakibana ndiyo yanakata ufizi. Hizi zimebanwa. Hiyo shafti ni nene kuliko kitabu chako."

Desmond alicheka, maana chuma huliwa, hakinenepi. Lakini kwa kumridhisha alitoa kalipa yake ya inchi, kile kifaa cha kupimia unene, akapima. Ikasoma nusu inchi na vijisehemu kadhaa juu yake, namba isiyo na kichwa wala miguu. Akapima tena, ikarudi ile ile.

"Si unaona? Mtu aligongagonga kitu hapa. Tutafute shafti nyingine, hii tuitupe."

"Hutupi kitu," Lorna alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali.

Jumatatu aliiviringisha shafti kwenye leso, akaitia kwenye mkoba na kwenda nayo kazini. Wenzake walipotoka kwenda kula, aliisafisha na kuipima kwa kalipa ya pale, ya milimita, kwani watu wa meno hawajui inchi. Ilisoma kumi na tatu, bila chembe juu wala chini. Aliipima katikati na ncha zote mbili, ikasema hilo hilo. Alikaa pale mkate haumpandi, anajiuliza. Kitu kilichogongwa hakiwezi kuangukia kwenye namba kamili namna hiyo. Hiki kilichongwa makusudi, na fundi aliyekuwa akihesabu milimita, Birmingham, enzi ambazo Mwingereza alikuwa anapima kwa inchi mpaka jeneza lake. Ni nani huyo?

Jioni alimkuta baba yake anakausha vikombe. "Baba, shafti ya pampu yako ni ya milimita. Nani aliiweka?"

Cyril alikikausha kikombe, akakikausha tena. "Niliahidi kutosema."

"Ulimwahidi nani?"

"Mama yako."

Akasema, polepole, macho yake kwenye kile kikombe. Mwaka 1961 pampu yake ilikufa, akaenda nayo mpaka kiwandani kuomba msaada. Wanawake wa meza ya kuunda pampu walikuwa wanatoka kazini, na mmoja, Ivy, msichana wa miaka kumi na tisa, akaichukua mkononi, akaitikisa sikioni na kusema niachie, urudi kesho. Kiwandani kulikuwa na sanduku jekundu la vitu vya kuyeyushwa, na humo zilikuwamo shafti za oda ya ng'ambo iliyokufa, pamoja na sili zake, zote za milimita. Ivy alikuwa ameshagundua kuwa zilichongwa vizuri kuliko za kawaida. Alichukua shafti moja na sili moja, akatanua tundu la pampu kwa mkono wake, akaifunga, akaipitisha getini ndani ya kopo la chakula, chini ya mkate.

"Kuchukua kitu kwenye lile sanduku kulikuwa wizi," Cyril alisema. "Ulikuwa unafukuzwa siku hiyo hiyo. Na unajua mlinzi wa geti aliyekuwa anapekua mikoba alikuwa nani? Baba yake."

Lorna alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo mama alijua. Akakuacha uchekwe miaka yote hiyo, na yeye mwenyewe akakuita mwongo mezani kwako."

"Alikuwa anaona haya. Baba yake alimwamini; kati ya wote, yeye peke yake ndiye hakumpekua."

"Kiwanda kilifungwa nikiwa mtoto, baba. Alikuwa anamwogopa nani?"

"Mimi nilimwambia nitanyamaza. Nikanyamaza."

Lorna alimkasirikia mama yake usiku ule, akamkasirikia hasa, na asubuhi alikuwa bado hajamaliza. Lakini alipoligusia jambo lile wakati wa chai, baba yake alimtazama kama mgeni. "Nani kakwambia hayo? Huenda nimeyaota, mwanangu. Siku hizi naota sana."

Hapo hasira zikamwisha, ikabaki hofu. Hadithi ya mzee peke yake isingetosha tena, hata kwake mwenyewe. Ilibidi pampu iseme.

Sili ya milimita kumi na tatu haikuwamo katika kitabu chochote cha pikipiki. Aliipata Jumatano kwenye duka la vipuri vya wakulima, ni ya mashine za kukamulia ng'ombe. Aliilowesha kwenye oili, akaizungushia shafti kwa vidole vyake vilivyozoea kazi ndogo, akausikia mdomo wa sili unakaa bila kugombana. Desmond alimsaidia kukaza boliti huku anaguna.

Jumapili ya mwisho ya Machi waliiegesha ukumbini juu ya kadibodi. Desmond mwenyewe alitia alama ya penseli kwenye kijiti cha kupimia oili ya tangini, mbele ya mashahidi, kwa sababu alikuwa mtu wa taratibu.

Wiki ikapita. Kadibodi za wenzake zilikuwa zimechafuka kama vitambaa vya watoto. Ya Cyril ilikuwa nyeupe. Mtu mmoja akauliza lile swali lao, oili imo? Desmond akachovya kijiti, akakileta mwangani, akakitazama muda mrefu. Oili ilikuwa kwenye alama. Lorna akapiga kiki mara tatu, injini ikashika, na bomba likatoa mvuke mwembamba, basi. Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa amechuchumaa anachungulia, wazee na magoti yao mabovu.

Desmond alifungua kitabu cha vipuri kwenye ukurasa wa pampu, akatoa kalamu. Katika miaka yote ya utunzaji wake hakuwahi kuandika chochote humo.

"Sili gani?"

"Milimita kumi na tatu," Lorna alisema.

"Na shafti ilitoka wapi?"

Ahadi haikuwa ya Lorna kuivunja. Alimtazama baba yake aliyekaa kwenye kiti cha ukumbi na koti lake zuri, naye alikuwa anaitazama kadibodi ile nyeupe.

"Andika Ivy," Cyril alisema. "Aliipitisha getini ndani ya kopo la chakula, na mlinzi ni baba yake mzazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Andika tu, Desmond. Hakuna tena wa kumfukuza kazi."

Desmond akavua kofia, akaandika.

Cyril alimshika Lorna mkono. "Kwa hiyo sikuongopa."

"Hukuongopa, baba."

"Ilikuwa kweli, na geti lile?"

"Kweli kabisa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, machozi yanamtoka wala hayafuti. "Afadhali. Nilikuwa nimeanza kudhani hata yeye nilimbuni."